Hepi awa za Tanga: ofa ipi uifuate, ipi uipite

Wadau mmenijazia meseji za malalamiko ya hepi awa, yale masaa machache ya bei ya punguzo, za hapa mjini na karibu zote zinasema kitu kimoja, mtu kaenda kwa ofa ya nusu bei katoka na bili nzima. Sasa leo napanga ofa, sipangi migahawa, maana mgahawa ule ule wiki hii una ofa ya maana wiki ijayo ni maigizo. Mandhari, muziki, sijui viti vina mito, hayo mtajionea wenyewe.

Kitu ambacho hakuna anayeuliza ni hiki, ofa inahesabiwa kuanzia saa ngapi? Ulipotamka oda, au ilipoingizwa kwenye mashine kaunta? Tangazo linasema saa kumi na moja jioni mpaka saa moja usiku, wewe umeagiza saa kumi na mbili na nusu, umewahi kabisa, mdada kaandika kwenye kidaftari chake, kapitia meza nyingine, kasimama kidogo na mlinzi, oda inafika kaunta saa moja imeshapita. Hapo hepi imeisha na wewe hujui. Nilikaa jirani na baba mmoja mtu mzima kwenye mgahawa fulani kule Raskazone anabishana na keshia, keshia kamgeuzia skrini, oda imeingia 19:06, bili imetoka 19:15, na kwenye sahani pale imebaki mifupa mitupu ya changu. Changu gani huyo anakaangwa, analiwa, mpaka kichwa kinanyonywa, kwa dakika tisa? Keshia akajibu tu "mfumo ndo unasema hivyo baba". Akalipa nzima.

Kwa hiyo ukikaa tu, kabla ya menyu, uliza hilo swali la saa. Wakibabaika nenda kaunta mwenyewe uone oda ikiingizwa, usione aibu.

Haya, namba moja kwangu ni pweza na ngisi nusu bei. Pweza wa ofa mara nyingi kashachemshwa mchana, jioni anapitishwa tu mkaani anapakwa pilipili na ndimu, anatoka chap, mtego wa saa haukukuti. Na bei yake ya kawaida kwenye migahawa ya kukaa imechangamka siku hizi kwa hiyo nusu yake unaisikia kweli mfukoni. Kamba nimewatoa makusudi, hao wanasubirisha, halafu kwenye ofa wanaletwa wale wadogo waliojaa unga, ukimenya unga kamba mwenyewe humwoni.

Namba mbili soda. Mimi pombe situmii, na niseme wazi upendeleo wangu uko Stoney Tangawizi ya chupa ya kioo, iliyotoka kwenye friji ina jasho, niiteni mnazi sawa tu. Chupa inafunguliwa mbele yako na ujazo wake ni ule ule saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni, hakuna wa kuipunja. Mokteli za ofa, vile vinywaji vya kuchanganya visivyo na pombe, ndo siziwezi kabisa. Glasi ndefu nzuri, jani la mnanaa juu, kipande cha chungwa (na Muheza pale machungwa yamejaa, wanakukatia kipande chembamba unaona mpaka upande wa pili), unavuta mrija mara mbili tatu unasikia kroo, imebaki barafu. Waambie barafu kidogo uone sura itakavyobadilika.

Namba tatu, bia nunua moja upate moja. Wanywaji wananiambia kasoro ni kwamba zinaletwa mbili kwa pamoja zote zimefunguliwa, na joto la Tanga la Januari na Februari unalijua, ukiifikia ya pili imekuwa kama chai. Sema ya pili ibaki kwenye friji haijafunguliwa, mgahawa unaojiheshimu hautakataa. Ireland wenzetu sheria ya 2003 ilipiga marufuku kabisa kushusha bei ya pombe kwa masaa machache ya siku, na ukitazama meza ya vijana wa ofisini ikishafika saa moja kasoro dakika kumi wanavyobugia, unawaelewa.

Ya mwisho kabisa ni plata ya pamoja, ya watu wanne sijui sita. Chipsi chini, chipsi katikati, mishikaki imelazwa juu kwa ajili ya picha. Pita.

Wa bei ya chini, Ngamiani jioni mihogo na mishikaki ya mkaani ipo, haina ofa, bei ni ile ile saa zote.

Ila kinachoniudhi zaidi ni VAT. Ofa imeandikwa 10,000 kubwaaa, chini kwa maandishi ya sisimizi "bei bila VAT", ukija kulipa ni 11,800. Jamani bei unayomtangazia mteja inatakiwa iwe imeshabeba hiyo asilimia 18 ndani, sio umvizie kwenye bili. Na ukidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ambayo ni haki yako, unaambiwa subiri dada, mtandao unasumbua. Mtandao unasumbua kwenye risiti tu, ile saa ya kukunyima ofa haijawahi kusumbua hata siku moja.