Kupima udongo wa ukoka nyumbani: uzoefu wangu, Tegeta

Miaka miwili mfululizo niliuwekea ukoka wangu urea, na miaka yote miwili ulizidi kuwa wa njano. Kama una uwanja mdogo wa nyasi na unajiandaa kwenda duka la pembejeo kununua mfuko mwingine kwa kubahatisha, nakuomba usinunue kwanza. Peleka udongo ukapimwe.

Nyumba yetu iko Tegeta, chini ya kilima cha Wazo. Uwanja wenyewe ni mita za mraba 120, wala si kitu cha kutambia. Lakini mama yangu ana maumivu ya miguu na hawezi kukaa kwenye kiti kwa muda mrefu, hivyo kila jioni tunamtandikia mkeka chini ya mwarobaini, wajukuu wakicheza pembeni yake. Nyasi zilipoanza kunyauka, pakabaki vumbi kiangazi na tope masika. Mama akarudi kukaa barazani, na nyumba ikapooza. Ndiyo sababu jambo hili nililichukulia kwa uzito.

Ushauri niliupata wa kutosha. Jirani aliniambia niongeze urea. Mzee anayenikatia nyasi alisema nimwage samadi. Kijana wa dukani alikuwa na uhakika kabisa: "Mama, majani yakiwa ya njano ujue udongo una tindikali. Weka chokaa." Nikanunua mifuko miwili ya chokaa ya kilimo, na namshukuru Mungu sikuwahi kuimwaga.

Nilianza na kile kipimo cha vijiti kinachouzwa Kariakoo, unakichomeka ardhini na mshale unakuonyesha pH (kipimo cha tindikali na alkali: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni alkali), unyevu na mwanga. Kwenye nyasi kilisoma 7. Kwenye chungu cha maua kilisoma 7. Nikakitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya ndimu, kikasoma 7 vilevile. Nakipa nyota moja, na hiyo ni kwa sehemu ya unyevu tu, ambayo inakaribia ukweli.

Baada ya hapo nikaenda maabara ya udongo, ya binafsi, hapahapa Dar es Salaam. Jina silitaji, maana nina sifa zake na nina manung'uniko yake. Ada ya sampuli moja haikufika bei ya mfuko wa kilo 50 wa urea.

Dada aliyenipokea alinieleza namna ya kuchukua udongo, na hapa ndipo wengi tunaharibu. Usichote sehemu moja. Unatembea kwa zigizaga uwanja mzima na kuchimba vishimo 15 hadi 20, kila kimoja kina cha sentimita 10, kwa sababu mizizi mingi ya nyasi inaishi humo. Unatoa majani na mizizi ya juu, unachanganya udongo wote kwenye ndoo ya plastiki (ndoo ya bati huacha zinki na kupotosha majibu), kisha unabakiza kama nusu kilo. Unauanika kivulini, si juani. Usichukue kandokando ya ukuta ambako mafundi walimwaga saruji, wala mahali ulipoweka mbolea wiki chache zilizopita. Sehemu inayoonekana tofauti kabisa na nyingine ipimwe peke yake.

Majibu yalikuja hivi: pH 8.2. Kaboni ya viumbe hai (inayoonyesha mboji iliyomo udongoni) asilimia 0.6, yaani chini sana. Naitrojeni kidogo, potasiamu kidogo. Fosforasi ya kutosha. Udongo wa kichanga, na chumvi imeanza kupanda kidogo kutokana na maji ya kisima ninayomwagilia.

pH 8.2 si tindikali hata kidogo, ni kinyume chake. Bwana shamba wa maabara alikuja nyumbani (hiyo nililipia kando), akachota udongo kiganjani na kuniomba siki ya jikoni. Akadondosha matone machache na udongo ukatoa povu mbele ya macho yangu. "Mama, hii ni chokaa tayari. Ungeongeza ile mifuko yako ungeumaliza uwanja."

Hapo nikaelewa. Kilima cha Wazo ni mawe ya chokaa ya matumbawe. Kiwanda cha saruji kimekuwa kikiyachimba tangu 1966, sote tunaona malori yanavyopita. Na kiwanja chetu, kama vingi huku, kiliinuliwa kwa kifusi kabla ya kujengwa. Nyasi zangu zimepandwa juu ya chokaa, na juu yake mimi nikawa natafuta chokaa nyingine ya kununua!

Kwenye udongo wa namna hiyo chuma kipo, ila kimejifunga na mizizi haiwezi kukinyonya. Bwana shamba alinionyesha dalili ambayo nilikuwa naitazama kila siku bila kuijua: jani changa limekuwa la njano huku mishipa yake imebaki kijani. Njaa ya naitrojeni huanza kwenye majani ya zamani, na jani hugeuka njano lote. Ya chuma huanza kwenye majani machanga. Tofauti hiyo peke yake ilitosha kunilipa gharama yangu.

Na urea yangu? Ukiimwaga juu ya udongo wenye alkali, kwenye jua la Dar, bila kumwagilia papo hapo, sehemu kubwa ya naitrojeni hupaa kama amonia. Ile harufu kali niliyokuwa naisikia asubuhi ilikuwa pesa yangu inapotea. Halafu nilikuwa naweka kilo tano kwa mpigo. Kipimo cha nyasi ni gramu 5 za naitrojeni kwa mita ya mraba, na urea ina asilimia 46, hivyo uwanja wangu wote ulihitaji kilo 1.3 tu. Yale madoa yaliyoungua nilidhani ni ugonjwa.

Mpango nilioufuata tangu hapo ni huu. Urea niliiacha nikahamia SA, yaani salfeti ya amonia, yenye naitrojeni asilimia 21 pamoja na salfa, na inayoshusha alkali kidogo kuzunguka mizizi. Kwa mita 120 naweka kilo 2.9, natawanya nusu nikitembea urefu na nusu nikitembea upana ili pasibaki mistari, kisha namwagilia siku hiyohiyo. Narudia kila wiki sita hadi nane wakati wa masika na vuli, na kiangazi napumzika. Mawingu mazito yakitanda sithubutu, kwa sababu kwenye mchanga mvua kubwa huishusha mbolea yote chini ya mizizi. Potasiamu nimeongeza kwa salfeti ya potashi, si ile ya kloridi, kwa kuwa maji yangu tayari yana chumvi. DAP, ile mbolea yenye fosforasi nyingi, sikununua kabisa. Fosforasi ilikuwa inatosha. Kabla ya kupima nilikuwa nainunua kila mwaka.

Chuma nilinyunyizia majani kwa salfeti ya chuma, gramu 5 kwa lita ya maji, jioni jua likishapoa. Ndani ya wiki moja rangi ilianza kurudi, na mama ndiye aliyeiona kabla yangu. Angalizo: ikidondokea vigae au zege inaacha madoa ya kutu yasiyotoka. Kona ya kibaraza changu inayo mpaka leo. Kunyunyizia huku hakuponyi udongo, inabidi kurudia. Ukitaka ya kuweka ardhini, tafuta cheleti, yaani chuma kilichokingwa kisishikwe na udongo, aina ya EDDHA. Ile ya EDTA haidumu kwenye pH kubwa namna hii, na ndiyo niliyoikuta kwenye maduka mengi. Ya EDDHA ilinichukua muda kuipata na bei yake ni kubwa.

Kilichobadilisha uwanja kwa kweli, kuliko hivyo vyote, ni mboji. Nilichekecha mboji iliyooza vizuri nikaitandaza unene wa nusu sentimita, kama mita za ujazo 0.6, nikaisambaza kwa reki hadi ncha za majani zikaonekana. Nimefanya hivyo mara mbili. Mzee wangu wa kukata nyasi naye tulikubaliana asikate zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja, na mabaki mafupi ayaache palepale yarudishe naitrojeni. Mwanzoni alisikitika, aliona kama anaacha kazi nusu. Sasa ananiuliza kwa nini nyumba nyingine hawafanyi hivyo.

Sasa manung'uniko. Niliahidiwa majibu ndani ya wiki moja, yakachukua tatu. Ripoti yote ilikuwa kwa Kiingereza, na vipimo ambavyo mtu wa kawaida hawezi kuvisoma. Kubwa zaidi, ushauri wa kwanza wa mbolea uliandikwa kwa ajili ya mahindi, kilo kwa hekta! Hakuna aliyeniuliza nimepanda nini. Nilipopiga simu walinisikiliza na kurekebisha bila kuongeza ada, kwa hilo nawashukuru, ila mtu asiyeuliza angefuata karatasi ile. Andika mwenyewe kwenye mfuko wa sampuli: "nyasi za nyumbani". Na wakikupa kilo kwa hekta, gawanya kwa 10 upate gramu kwa mita ya mraba: kilo 50 kwa hekta ni gramu 5.

Kupima pH kwenye udongo wenye chokaa hakumaanishi utaweza kuishusha. Niliuliza habari ya salfa ya unga, nikajibiwa wazi kwamba chokaa iliyomo ni nyingi mno, ningemwaga pesa miaka mingi. Nilipenda ukweli huo. Maabara naipa nyota nne.

Walio mikoani wasidhani lazima waje Dar. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina maabara ya udongo, na TARI Mlingano kule Muheza ni kituo cha utafiti wa udongo. Kwa ndugu zetu wa Kenya, taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, pale Kabete wanapima. Na ukikaa nyanda za juu, kwenye udongo mwekundu wa mvua nyingi, usinakili mpango wangu. Huko pH mara nyingi huwa chini, na chokaa niliyokatazwa mimi yawezekana ndiyo unayoihitaji wewe.

Ile mifuko miwili ya chokaa ilikwenda kwa shemeji yangu, Lushoto, naye nilimwambia apime kwanza. pH yake ilikuja 4.9, tindikali kweli. Mimi napima tena mwezi wa pili, kabla ya masika, hasa ile chumvi ya kisima. Mama amerudi kwenye mkeka wake.