FRED: pa kupimia ahadi ya mshahara wa kiwandani Marekani

Wakala akitaja "dola elfu moja kwa wiki" kiwandani Ohio, watu wa Changamwe na Mikindani, Mombasa, hukimbilia kuzigeuza shilingi. Kabla ya hapo, pitia FRED, hazina ya takwimu ya mtandaoni ya Benki ya Federal Reserve ya St. Louis (sehemu ya benki kuu ya Marekani), iliyoanza 1991. Kusoma na kupakua ni bure, kwa hiyo anayekutoza pesa saiba ili akufungulie takwimu hizi anakuuzia maji ya mvua.

Mtandao wote ni wa Kiingereza na majina ya majedwali ni marefu mno. Dawa ni kuandika namba ya jedwali kwenye kisanduku cha kutafuta. Ya Ohio ni SMU39000003000000030. Tarakimu 39 ni jimbo. Weka 48 upate Texas, 27 upate Minnesota. Ile 30 ya katikati ni viwanda, na mbili za mwisho ndizo zenye ujanja: 30 ni mapato ya wiki ya wafanyakazi wa uzalishaji, 07 ni saa zao kwa wiki, 08 ni malipo yao kwa saa. Ukimalizia na 11 unapata wafanyakazi wote, mameneja na wahasibu wakiwemo, na wastani hupanda. Anayekwenda kusimama kwenye mashine haimhusu hiyo.

Usiiangalie 30 peke yake. Pakua zote tatu. Mapato ya wiki ni saa zidisha malipo ya saa, na ovataimu imo ndani. Chukua mfano wa mtu wa dola 18 kwa saa anayefanya saa 50. Saa 40 za kwanza ni dola 720. Kumi zilizozidi hulipwa mara moja na nusu, yaani dola 27 kila moja, jumla 270. Amepata 990. Mwenzake wa dola 24.75 anafanya saa 40 na kupata 990 vilevile, kisha anarudi nyumbani mapema. Isitoshe, yule wa kwanza akigawanywa kwa saa zake hutoka dola 19.80, kiwango ambacho hakimo kwenye mkataba wake. Ndiyo maana ya 08 kuzidi kidogo dau analotangaza mwajiri.

Hizo ni pesa kabla ya makato. Kwenye 990, asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare (makato ya pensheni na bima ya afya ya wazee) peke yake hula kama dola 76, na kodi ya mapato ya shirikisho haijaguswa. Ohio na Minnesota zina kodi ya jimbo juu yake, Texas haina. Kupata ya mwezi, zidisha kwa 52 ugawe kwa 12: dola 4,290. Wengi huzidisha kwa 4 wakapata 3,960, halafu bajeti nzima inakaa upande.

Kasoro kubwa ya jedwali haionekani kwenye grafu. Kibarua aliyeletwa na kampuni ya kukodisha wafanyakazi hahesabiwi kwenye viwanda, huhesabiwa kwenye sekta ya huduma za biashara, hata kama anashinda kwenye laini moja na walioajiriwa moja kwa moja. Na mlango huo ndio wageni wengi huingilia. Basi muulize wakala: hundi itaandikwa na kiwanda au na kampuni ya kati? Kama ni ya kati, wastani wa jedwali si wako.

Namba za karibuni pia ni za awali, hurekebishwa baadaye, na hazijasawazishwa kwa misimu. Linganisha Machi na Machi, si Machi na Disemba.

Kosa la mwisho ni la kwetu. Watu huchukua kima cha chini cha kibarua wa kawaida Mombasa, shilingi 16,113.75 kwa mwezi kama kilivyowekwa 1 Novemba 2024 bila posho ya nyumba, yaani kama 3,719 kwa wiki, wakakiweka kando ya wastani wa Ohio. Kimoja ni sakafu, kingine ni wastani wa waliopo juu yake. Cha kulinganisha nacho ni wastani wa sekta kwenye ripoti ya uchumi ya KNBS, shirika la takwimu la Kenya, ila hutoka mara moja kwa mwaka na kwa nchi nzima, si kwa kaunti wala kwa wiki.