Siku tano za kuchimba data ufukweni Mwanza: uzoefu wangu

Watu wanne sasa wamenitumia ujumbe wakiuliza swali lile lile: yale mafunzo ya uchimbaji wa data (kusaka kilichojificha ndani ya namba na nyaraka nyingi) na teknolojia ya utafutaji yaliyofanyika hapa Mwanza yanafaa, au ni ya kumalizia likizo bure? Badala ya kuandika majibu manne naandika hili moja. Waandaaji sitawataja, kwa sababu nina ya kuwasifu na ya kuwalaumu, na wengi wao walifundisha bila kulipwa hata senti.

Kwanza mjue naongea nikiwa nani. Mimi si mtu wa kompyuta. Ni mtafiti msaidizi, shahada yangu ya pili ni ya mambo ya maji, na kazi yangu ya kila siku ni takwimu za mialo, yaani sehemu za ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki: mitumbwi mingapi imeshusha, dagaa kilo ngapi, sangara kilo ngapi, bei ya siku ile. Nina daftari za miaka sita zilizoandikwa kwa kalamu, na nusu yake nimeziingiza kwenye Excel mwenyewe. Juu ya hapo kuna chumba cha ripoti, za Kiswahili na za Kiingereza, ambamo hupati kitu bila kumuuliza mzee wa masijala. Yeye ndiye injini yetu ya utafutaji. Akiugua, ofisi nzima imeugua.

Mafunzo ya namna hii nilikuwa nayasikia kwa mbali tu. Shule ya AFIRM, iliyoandaliwa na vikundi vya utafutaji (SIGIR) na uchimbaji wa data (SIGKDD) vya ACM, chama cha kimataifa cha watu wa kompyuta, ilifanyika Cape Town Januari 2019 na tena Januari 2020. Data Science Africa, mafunzo mengine ya sayansi ya data, ilianzia Nyeri mwaka 2015, ikafika Arusha 2017. Kila mara nilikuwa na sababu ya kutokwenda, na sababu yenyewe ilikuwa nauli. Kwa hiyo tangazo liliposema Mwanza, siku tano, watafiti wachanga kutoka nchi za Afrika, ada hakuna, nilijaza fomu usiku ule ule.

Niseme mapema kilichonifanya nisijute, ni siku ya pili. Siku hiyo hatukujenga kitu. Tulipima.

Kila mshiriki alikuwa ameombwa aje na nyaraka zake. Mimi nilileta ripoti 212 zilizopigwa skani, tukaziingiza kwenye programu ya kutafutia, tukauliza: "uvuvi haramu wa dagaa". Zikaja ripoti kumi. Mimi nikafurahi. Mkufunzi akasema sawa, sasa kaa chini usome zote 212, uweke alama kila inayojibu swali hilo, bila kuangalia mashine imesema nini. Dada mmoja kutoka Kisumu akapewa kazi hiyo hiyo kwa ripoti hizo hizo, tukatenganishwa kama watoto wanaofanya mtihani. Ilitumaliza mchana mzima na sehemu ya usiku.

Mwisho tulikubaliana juu ya ripoti 30. Katika zile kumi za mashine, saba zilikuwamo. Ukiuliza "kati ya nilivyoletewa, vingapi vinafaa?" jibu ni asilimia 70, unaweza kujisifia nyumbani. Ukiuliza "kati ya vinavyofaa, vingapi nimeletewa?" jibu ni saba katika 30, yaani asilimia 23. Robo tatu ya tunachokijua kuhusu uvuvi haramu ilikuwa imelala kabatini na mashine imetuambia kazi imekwisha. Kipimo hiki si kipya hata kidogo. Mkutubi Cyril Cleverdon alikuwa anakifanyia kazi Cranfield, Uingereza, miaka ya 1960: nyaraka, maswali, na binadamu wa kusema hii inafaa na hii haifai. Lakini mimi nimetumia programu za kutafuta tangu nikiwa sekondari na sikuwahi kujiuliza ni nini ambacho sikuletewa.

Zile ripoti 23 ambazo mashine haikuzileta zilikuwa zimejificha wapi? Hapo ndipo nilipoona lugha yetu inavyoitoa mashine jasho. Ripoti moja haina neno "haramu" popote; inasema "makokoro", nyavu za kukokota, na kila mtu wa ziwani anajua kokoro ni marufuku, nani ahangaike kuandika haramu? Nyingine ilitoka ng'ambo ya Kenya na inasema "omena". Nyingine ya Uganda, "mukene". Samaki ni yule yule, mdogo, wa fedha, anayeanikwa juani, lakini mashine imeona samaki watatu. Sangara naye ni mbuta akifika Kisumu. Tunagawana ziwa moja la kilomita za mraba karibu 68,800 na kila upande unaficha ripoti zake nyuma ya jina lake.

Halafu vitenzi. Programu tuliyopewa ilikuwa na kifaa cha kupunguza maneno hadi mzizi, cha Porter, cha mwaka 1980, kilichotengenezwa kwa Kiingereza. Kinakata mkia. Kiswahili kina mkia, lakini mzigo mkubwa kinaubeba kichwani: mvuvi, wavuvi, uvuvi, wamevua, waliovuliwa. Kwa kifaa kile hayo ni maneno matano yasiyojuana. Tukajaribu kukata vichwa wenyewe kwa kanuni tulizoziandika mezani, tukapata "vua", tukashangilia, na ripoti ya kwanza iliyokuja juu ilikuwa mwongozo wa usafi wa chumba cha kukaushia dagaa: "vua viatu kabla ya kuingia." Meza nzima ilicheka hadi wa meza ya pili wakaja kuona.

Baada ya kuongeza orodha ya majina ya samaki na zana, na kukata vichwa kwa uangalifu zaidi, swali lile lile lilileta ripoti 40, na 24 zilikuwa katika zile 30. Yaani tumepata asilimia 80 ya vinavyofaa, lakini katika tulivyoletewa ni asilimia 60 tu vilivyofaa. Ni bora au ni mbaya zaidi? Dada wa Kisumu alisema mbaya, anachoka kusoma takataka. Mimi nikasema kwa ofisa anayetaka kujua kama mwalo fulani umewahi kukamatwa na makokoro, bora asome takataka 16 kuliko aikose ripoti moja. Tulibishana hadi chakula kikapoa. Hakuna mkufunzi aliyetupatanisha, na nadhani walifanya makusudi.

Siku ya kwanza sina mengi ya kuisema. Nusu ya darasa ilikuwa inaijua Python, lugha ya kuandikia programu, ikalala; nusu haikuijua, ikaachwa. Kitu kimoja tu kilinikaa: wazo la Karen Spärck Jones, mwanasayansi wa kompyuta wa Uingereza, la mwaka 1972, kwamba neno linalopatikana katika kila waraka halikusaidii kutofautisha nyaraka. Nilipolifanyia hesabu kwenye ripoti zangu, "samaki" ilikuwa katika zote 212, uzito wake sifuri. "Kokoro" ilikuwa katika tisa, ikapaa. Miaka yote nilikuwa naandika "samaki" kwenye kisanduku cha kutafutia nikidhani naisaidia mashine.

Siku ya tatu ndiyo ya kulalamikia. Mada ilikuwa mitandao ya neva na miundo mikubwa ya lugha, yaani programu zinazojifunza lugha kwa kusomeshwa maandishi mengi, ya familia ya BERT iliyotoka 2018, na tulipewa saa mbili na nusu. Hifadhidata ya mazoezi ilikuwa gigabaiti tatu. Watu zaidi ya thelathini, intaneti moja ya hoteli. Mnajua kilichotokea. Mwisho ikazungushwa flashi moja mkono kwa mkono, na ilipofika meza yangu ilikuwa imeshabeba data pamoja na virusi vya laptopu tano. Umeme nao ukakatika saa tano asubuhi. Jenereta likawashwa nje ya dirisha, na mkufunzi aliyekuwa akifundisha kwa njia ya video kutoka ng'ambo akageuka kuwa mdomo unaotembea bila sauti. Laptopu yangu ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) gigabaiti 4 iliganda mara tatu. Sikumaliza zoezi, na sikumwona aliyemaliza.

Tena mifano yote ya siku hiyo ilikuwa ya Kiingereza. Mtu akauliza kama kuna ya Kiswahili, akajibiwa kwamba Kiswahili kimo katika TyDi QA, mkusanyiko wa maswali na majibu wa mwaka 2020, moja ya lugha kumi na moja. Kweli kimo. Ila ni maswali juu ya makala za Wikipedia. Mwalo haumo, kokoro haimo. Kama umekuja kwa ajili ya siku hii peke yake, ungebaki nyumbani na bando lako.

Siku ya nne ilikuwa ya uchimbaji wenyewe, na hapa nilitamba kidogo, mnisamehe. Mkufunzi aliomba data za mtu yeyote zenye tarehe. Nikatoa kilo za dagaa za mwalo mmoja, miaka mitatu. Akachora, akapima kama mfululizo unajirudia, na mchoro ukaonyesha kilele karibu na siku ya 29 au 30. Akawaka. Kuna nini kila baada ya siku 29? Msaidizi wake, kijana wa Dodoma, akasema huenda ni mwisho wa mwezi, watu wanapokea mshahara, wananunua zaidi.

"Si mwezi wa mshahara, kaka," nikamwambia. "Ni mwezi wa juu."

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola na betri. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haiwavuti, wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Giza likirudi, wanaingia tena. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu. Mtoto wa Kirumba hapa Mwanza anayajua hayo kabla ya kujua kusoma. Sifa nampa mkufunzi: hakuona haya. Alifuta alichoandika, akaomba nimweleze tena, kisha akatumia dakika 40 kutuonyesha jinsi ya kuutoa mwezi kwenye data ili kuona kilichobaki chini yake. Hicho sikukijua, na ndicho ninachokitumia sasa kila wiki.

Ni yeye pia aliyeuliza swali lililonitia aibu. Kwenye jedwali langu kuna siku zisizo na namba. Ni kwamba hakuna mtumbwi uliotoka, au karani hakufika? Sikujua. Nilikuwa nimezijaza zote sifuri, miaka mitatu ya sifuri, na ripoti mbili zimeshaandikwa juu yake.

Sasa mambo ya tumbo na mfuko. Ukumbi ulikuwa upande wa Capri Point, ziwa unaliona kutoka kwenye kiti, jambo ambalo halimsaidii mwanafunzi. Chakula hakina mjadala: sato mzima kwa ugali, chai ya saa kumi na vitumbua. Waliotoka Malawi na Uganda walilipiwa vyumba na kuahidiwa kurudishiwa nauli. Mmoja wao ameniambia fedha ilimfikia baada ya wiki sita. Sisi wa Mwanza tuliambiwa ni wenyeji, hatuna haja ya nauli. Kutoka Nyegezi nilikuwa napanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, siku tano, na jioni kipindi kinaisha saa moja na nusu giza limeshaingia. Mwenyeji naye ana mfuko.

Ukiniuliza nyota, natoa nne kati ya tano, na ile ya tano imekwenda na flashi. Ukikubaliwa, nenda na nyaraka zako mwenyewe, hata kama ni chafu, hasa kama ni chafu. Aliyekuja mikono mitupu alifanyia mazoezi data za maduka ya Ulaya na sikumsikia akibishana na mtu. Azima laptopu yenye RAM 8. Python ijaribu nyumbani wiki mbili kabla.

Wiki iliyofuata nilikwenda na laptopu hadi masijala.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea mshindani?"

Alikuwa ameshasikia. Nikamwambia aulize chochote. Akafikiri, akasema: makokoro, Ukerewe. Nikaandika, zikaja ripoti tatu, zote sahihi, kwa muda mfupi kuliko wa kuvaa miwani. Akazisoma moja moja hadi mwisho, akaguna, akakubali. Kisha akainuka taratibu, akasogeza kiti, akavuta faili la kijani kutoka rafu ya juu kabisa, akalipuliza vumbi.

"Ya nne hii hapa," akasema. "Hii hukuipiga skani."

Nikalichukua faili nikaenda kuwasha skana.