Klaima au sado: yaliyonipata juu ya mti huku Pennsylvania

Naandika hii nikiwa bado na hasira. Ni mambo ya msimu mwingine huko, lakini kila nikisikia mtu anauliza anunue klaima ama sado, vile vifaa viwili vya kupanda mti na kukaa juu ukimvizia kulungu, moyo unanipanda upya kama yametokea jana, kwa hivyo leo wacha niyaseme yote.

Mimi ni mtu wa Kilifi, naishi Pennsylvania miaka mingi sasa, na kuwinda nilianzia huku huku. Nyumbani singeweza hata ningetaka, manake Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Huku nikasoma darasa lao la usalama, nikakata leseni, nikaanza na upinde kwenye mapori ya umma ya jimbo. Sasa pori la umma si shamba lako useme utajenga kibanda mtini ukiache hapo miaka. Watu wamejaa, kulungu akisikia mlango wa gari umebamizwa asubuhi mbili tatu mfululizo anahamia bonde lingine, na upepo nao unageuka, asubuhi jua likipasha hewa inapanda mlimani, jioni inateremka bondeni na harufu yako inateremka nayo. Ukikaa mahali pamoja msimu mzima umeenda kuota baridi tu. Lazima ubebe kitu cha kupandia mgongoni, uingie nacho gizani, upande, ushuke nacho. Na kupiga mti misumari ama skrubu hairuhusiwi. Ndiyo watu wanabaki na hivyo viwili.

Klaima kwa ambaye hajaiona ni vipande viwili vya chuma, cha juu unakalia, cha chini unakanyaga, kila kimoja kina waya mnene unaozunguka mti. Unakaa, unavuta cha chini kwa miguu, unasimama, unapandisha cha juu, unakaa tena, unaenda hivyo hivyo kama kiwavi. Sado ni mkanda mpana wa kitambaa unaoshika makalio, umefungwa kwa kamba kwenye mti, unaegemea nyuma huku miguu iko kwenye kijukwaa kidogo, na kupanda unatumia stiki, vile vipande vifupi vya ngazi unavyofunga kimoja juu ya kingine.

Nilinunua klaima. Niliipenda, sitadanganya. Mti wake lazima uwe umenyooka kama mnazi, bila tawi, na kule ninakowinda kuna miti inaitwa tulip poplar, imesimama wima utadhani imepandwa na mtu kwa kusudi hilo. Misimu miwili nilipanda vizuri, nikakaa kwenye kile kiti kutoka giza mpaka giza bila mgongo kulalamika.

Siku yenyewe ilikuwa Novemba, wale madume wameanza kukimbiza majike, umande umeganda kwenye majani. Nimekaa tangu alfajiri, sijaona kitu, giza limeingia nikaanza kushuka. Niko kama futi 18 hivi. Nimekaa, nateremsha kipande cha chini kwa miguu, mara ule mpira unaoshika kiatu ukakatika paa! Kipande kikainama, kikaachia mti. Sasa kuna mkanda unaounganisha cha juu na cha chini, umekuja na klaima yenyewe ndani ya boksi, kazi yake ni moja tu hapa duniani, kwamba cha chini kikiteleza kisiende mbali. Nilikuwa nimeufunga. Narudia, nilikuwa nimeufunga. Ile bakoli yake ya plastiki, yaani kile kifungo cha mkanda, ikaachia kama imepakwa mafuta na kile chuma kikaenda mpaka chini, kelele bonde zima.

Nikabaki nimekalia kipande cha juu, miguu inaning'inia hewani, giza. Hanesi, ile mikanda ya usalama ya mwilini, nilivaa na kamba yake ilikuwa imeshika mti juu yangu, hiyo ndiyo iliyonipa akili ya kutulia. Kwa sababu kipande kimoja peke yake hakishuki wala hakipandi, hauna pa kukanyaga. Na kujiachia uning'inie kwenye hanesi pia si suluhisho, darasani walitufundisha mtu akining'inia wima bila kukanyaga kitu damu inajaa miguuni na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Nikashikilia chuma kwa mikono miwili, nikapata simu mfuko wa kifuani kwa shida, nikampigia mwenzangu.

Huyu mwenzangu ni mtu wa Bukavu, tumewinda pamoja tangu mwanzo, na yeye ni mtu wa sado, nilikuwa namcheka na zile kamba zake kama mtu anayekwenda kuvua samaki. Alikuwa mteremko wa pili. Akaniambia, "Kaka, bakia hivyo hivyo, usitingishike, niko nakuja." Dakika arobaini labda, mimi niliziona usiku mzima. Alikuja na taa kichwani, akafunga stiki ya kwanza, ya pili, anapanda huku kamba imezunguka mti kiunoni kwake, mikono yote miwili iko huru, hana haraka, mpaka akafika usawa wa magoti yangu akaushika mguu wangu akauweka mwenyewe kwenye stiki. Sijawahi kushukuru kukanyaga kitu kama siku ile.

Ajali ni ajali, ningenyamaza. Kilichoniuma ni dukani.

Nilirudi na klaima, mpira uliokatika na ile bakoli nimeviweka kwenye karatasi ya nailoni. Jamaa wa kaunta hata hakuvishika. Akaniuliza kama nilisoma maelekezo. Nikasema ndiyo. Akauliza kama niliufunga mkanda. Nikasema ndiyo, na bakoli ndiyo hii, angalia meno yake. Hakuangalia. Akaangalia uso wangu, akaniuliza kama huko kwetu kuna miti.

Kama kwetu kuna miti! Mjomba wangu alikuwa mgema. Asubuhi na jioni alipanda mnazi kwa vidato alivyovichonga mwenyewe kwa panga, kibuyu kiunoni, mnazi mrefu kuliko mti wowote nilioupanda hapa, na alikuwa akitwambia watoto tusiamini kidato mpaka tumekikanyaga wenyewe. Mimi nimekulia chini ya minazi, leo mtu aliyesimama nyuma ya kaunta ananiuliza kama najua mti. Nilikosa la kusema. Nilipiga simu kwa watengenezaji, wakachukua anwani, baada ya majuma kadhaa ikaja bahasha. Ndani kuna mpira mmoja. Mpira! Hakuna bakoli, hakuna pole, hakuna swali hata moja kama mtu aliumia. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hawa wamesifiwa miaka mingi mno.

Basi nikanunua sado, na hapo nikawa mhubiri wake, kila mtu nilimwambia tupa klaima. Na kweli ina raha zake. Mti uliopinda unapanda, mwaloni wenye matawi unapanda, miti ambayo nilikuwa naipita nikiitamani sasa yote ni yangu. Tangu unatoka chini umefungwa, hakuna dakika uko juu bila kamba. Kulungu akija unauzungusha mwili, unauweka mti kati yako na yeye, hakuoni. Kuna jike lilinijia nyuma kabisa, mahali ambapo kwenye klaima ningelazimika kusimama na kugeuka na vyuma vikilia kwenye gamba la mti, hapa nilijisukuma kwa mguu taratibu nikazunguka, mshale ukaenda palipotakiwa. Familia mbili zilikula nyama ile.

Lakini pia lazima niseme kitu ambacho watu wa sado hawasemi. Nyonga zinauma. Miezi ya kwanza nilikuwa nikikaa saa tatu, mifupa ya nyonga inabanwa na kitambaa mpaka nawaza kushuka, magoti yanasugua mti, lazima ununue pedi. Ukiwa unapiga kwa mkono wa kulia, anayetokea upande wako wa kulia anakusumbua. Na ule wepesi wanaousifu, wanapima sado tupu, hawajaweka stiki nne na kijukwaa na kamba zote, ukivifunga begini unakuta umebeba karibu uzito ule ule wa klaima. Halafu ni kazi nyingi gizani, kila stiki ina kamba yake, vidole vimeganda. Ile siku nzima ya Novemba ya kukaa bila kushuka, mimi bado naikumbuka klaima. Mwenzangu akisoma hapa atanuna.

Tena wacha niseme ukweli wote. Msimu uliopita niliitoa klaima garaji. Ile bakoli nikaitupa, nikaunganisha vipande viwili kwa kamba ya kupandia, mafundo niliyofunga kwa mkono wangu, pande zote mbili, mipira ya miguu nikabadilisha yote. Nikapanda poplar ile ile. Ikanishika vizuri, nikakaa mpaka jioni, starehe kabisa. Kwa hivyo tatizo si klaima. Tatizo ni kipande cha plastiki cha senti hamsini kilichobeba roho ya mtu. Na nikifikiria hivyo ndiyo hasira inazidi, kwa nini nilipe dola mia tatu na kitu halafu nikajifungie usalama wangu mwenyewe?

Ukinishika koo leo nikuchagulie, chukua sado. Kama magoti yako ni mabovu ama mwili wako mzito na pori lako lina miti mirefu iliyonyooka, chukua klaima, lakini ule mkanda wa boksini usiuamini, na hanesi ivae ukiwa bado chini. Kuna kijana wa kanisani kwetu ametaka kuninunulia ile yangu, anaanza msimu huu. Nimemwambia aje Jumamosi nyuma ya nyumba, kuna mti pale, apande futi tatu ashuke, apande ashuke, na yale mafundo ayafunge mbele yangu mpaka niridhike. Pesa tutaongea baadaye.