Kaka Mkubwa Mwenye Kisu: Uzoefu Wangu na Filamu za Magenge za Korea Kusini

Filamu za magenge za Korea Kusini nilianza kuzitazama nikiwa nimebanana na wenzangu kwenye benchi la mbao ndani ya kibanda umiza kimoja, ukumbi mdogo wa video, huko Mbagala, Dar es Salaam, kwa kiingilio cha shilingi 500, huku mpiga tafsiri akisimulia juu ya sauti za waigizaji kana kwamba hadithi ile aliitunga yeye. Miaka kadhaa baadaye nilijiunga na huduma ya kulipia kwa mwezi, nikazirudia zile zile nyumbani, safari hii nikisoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha. Picha ilikuwa safi, sauti ilikuwa safi, wala hapakuwa na mtu wa kunikanyaga akienda kununua karanga, lakini nilihisi kuna kitu kimepungua. Ilinibidi nimalize filamu tatu ndipo nikitambue: neno "hyungnim" lilikuwa limeondolewa.

Hyungnim ni kaka mkubwa, kama anavyoitwa na mwanamume aliye mdogo wake, na kipande cha mwisho cha neno hilo ni cha heshima. Katika filamu hizi hulisikia kila baada ya dakika chache. Vijana wenye suti nyeusi hulitamka kwa pamoja, wakiinama mpaka mgongo unalala sawa na meza, na hulitamka hata pale wanapokuja kumuua anayeitwa hivyo. Walioandika yale maandishi ya Kiingereza waliligeuza kuwa "bosi", mahali pengine wakaweka jina la mtu, na mara nyingi hawakuweka chochote. Mpiga tafsiri wa Mbagala, ambaye nina hakika hakujua Kikorea hata cha kuombea maji, hakupata taabu hiyo. Akiona mtu ameinama alisema "shikamoo, kaka", na yule asipoitikia "marahaba", sisi sote kwenye benchi tulijua kwamba kuna damu itamwagika.

Wengi wanaozisifu filamu hizi huanza na mapigano, nami siwalaumu. Korea Kusini ina sheria kali sana za silaha za moto, kwa hiyo genge kwenye filamu haliwezi kubeba bunduki kama mwavuli bila mtazamaji wa kwao kucheka. Wanatumia visu vyembamba vya kukatia samaki mbichi, magongo ya besiboli na mabomba ya chuma. Risasi humuua mtu aliye ng'ambo ya barabara, lakini mwenye kisu hulazimika kusogea hadi asikie pumzi ya anayemchoma. Katika New World, filamu ya mwaka 2013 ya mwongozaji Park Hoon-jung, mkubwa mmoja wa genge anazingirwa ndani ya lifti na wanaume wengi kiasi kwamba hakuna mwenye nafasi ya kurusha mkono vizuri. Wanakatana wakiwa wamebanana kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili jioni. Niliirudia sehemu hiyo mara nne. Hata hivyo, mapigano mazuri yapo pia Hong Kong na Indonesia, na huko hayakunifunga kitini namna hii.

Kilichonifunga ni jinsi maneno ya undugu yanavyotumika kama silaha, na filamu iliyonifundisha kulisikia jambo hilo ni Nameless Gangster ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Yoon Jong-bin. Choi Min-sik anaigiza ofisa wa forodha wa bandari ya Busan mwanzoni mwa miaka ya 1980, mla rushwa mwenye kitambi, ambaye wenzake wamemchagua awe mbuzi wa kafara. Anakamata dawa za kulevya kwenye ghala, na badala ya kuziripoti anazipeleka kwa kiongozi wa genge, anayeigizwa na Ha Jung-woo. Wanapokunywa pamoja, yule ofisa anauliza swali ambalo mzee yeyote wa kwetu angeliuliza: wewe ni Choi wa wapi? Wanahesabu ukoo na kukuta kwamba wote ni akina Choi wa Gyeongju, na kwamba kwa hesabu ya vizazi yule ofisa mlevi yuko daraja la babu. Kuanzia hapo anadai heshima ya babu kutoka kwa kijana anayeweza kumuua kabla pombe haijaisha kwenye glasi.

Kijana anakataa, na vijana wake wanampiga mzee. Mzee harudi na watu wala panga. Anakwenda kwa baba wa yule kijana, na pale nyumbani baba anamlazimisha mwanawe, mkuu wa wauaji, apige magoti na kusujudu kwa mtu aliyemdharau jana. Mbagala, tukio hili lilishangiliwa kama bao la dakika ya tisini. Mtu mmoja nyuma yangu alipaza sauti: "Ukoo ni ukoo!" Nilipoitazama tena nyumbani kwa maandishi ya Kiingereza, cheo cha babu kilikuwa kimeandikwa kwa neno linalowafaa wakubwa wa mafia wa Kiitaliano, na mtazamaji asiyejua angedhani kijana anamsujudia mtu kwa sababu ya ukubwa wake katika ujambazi, ilhali mtu huyo hana chochote zaidi ya ukoo.

Filamu hiyo ina mambo mengine mengi ya kumfurahisha anayeijua nchi inayoendeshwa kwa kujuana. Shujaa wetu anatembea na kijitabu cha namba za simu za jamaa zake, akiwemo kila mwenye cheo. Akikamatwa, anawafokea polisi kwamba mkuu wao anamjua, anajua hata mtaa anaokaa, wamekula pamoja na kuoga sauna pamoja. Ana bastola pia, lakini haina risasi. Kisha tarehe 13 Oktoba 1990 Rais Roh Tae-woo anatangaza vita dhidi ya uhalifu, jambo lililotokea kweli, magenge yanaanza kukamatwa, na undugu wote uliohesabiwa kwa vizazi unaanza kupimwa kwa mwendesha mashtaka. Sitasema nani anamuuza nani. Nitasema tu kwamba neno la mwisho linalosikika kwenye filamu hiyo ni neno la heshima, na kwamba nililala usiku ule nikiwa nimewasha taa ya ukumbini.

New World inaipeleka hesabu hiyo hiyo kwenye ofisi zenye vioo. Genge limejisajili kama kampuni, lina mwenyekiti na wakurugenzi, na mwenyekiti anapokufa panatokea vita vya urithi. Ndani yake yumo polisi aliyepandikizwa kwa miaka minane, anayeigizwa na Lee Jung-jae, na mkubwa wake wa genge, anayeigizwa na Hwang Jung-min, ndiye aliyemwokota tangu wakiwa wahuni wadogo mjini Yeosu. Mkubwa huyo anashuka kutoka uwanja wa ndege akiwa na suti nyeupe na ndala za ndegeni miguuni, anatukana, anacheka, anagawa zawadi ya saa bandia, na anamwita polisi yule "brother", kwa Kiingereza kilichovunjika makusudi. Mwongozaji hakuhitaji hotuba yoyote ya mapenzi. Mkuu wa polisi, ambaye ndiye upande wa haki, humwita kijana wake kwa amri na vitisho tu, wakati muuaji humwita ndugu. Ukikaa na hilo saa mbili na zaidi, utajikuta unaomba polisi washindwe, na baadaye unajiuliza wewe ni mtu wa namna gani.

A Bittersweet Life ya Kim Jee-woon, ya mwaka 2005, naipendekeza kwa tahadhari, kwa sababu ni nzuri kiasi cha kukuharibia nyingine. Lee Byung-hun ni msimamizi wa hoteli ya mkuu wa genge. Tunamkuta anakula kitindamlo, anaitwa chini kuwatoa wahuni, naye anamalizia kijiko chake kwanza. Mkuu anasafiri na kumkabidhi amchunge kimada wake kijana. Akimkuta na mwanamume mwingine, awamalize. Anawakuta, na anawaachia. Baada ya hapo kila mtu anamtaka aseme neno moja tu, kwamba amekosea, neno ambalo kwa Kikorea lina silabi nne, na yeye hasemi. Anafukiwa mzima kwenye udongo kwa ajili ya silabi nne! Anapouliza kwa nini baada ya miaka saba ya utumishi ametendewa hivyo, jibu analopewa ni kwamba amemvunjia mkubwa heshima. Mwanzoni nililiona jibu hilo jepesi. Kisha nikakumbuka ndugu wawili wa ukoo wetu ambao hawajazungumza tangu msiba wa mwaka 2009, kwa sababu mmoja alipita bila kusalimia.

Zipo za kuruka. Vichekesho vya magenge vilivyojaa mwanzoni mwa miaka ya 2000 nimejaribu vitatu na sikumaliza hata kimoja. Mfululizo ulioanza na The Outlaws mwaka 2017, wa mwigizaji Ma Dong-seok mwenye mkono kama mchi wa kutwangia, unachangamsha, na sehemu yake ya pili ya mwaka 2022 iliuza tiketi zaidi ya milioni 12 nchini kwao. Lakini hapo polisi ni polisi, mwovu ni mwovu, kofi moja linamaliza mjadala. Ni nzuri kwa Jumamosi yenye watu wengi sebuleni. Lawama yangu kubwa kwa aina nzima ni wanawake. Katika filamu nilizozitaja wanatumwa, wanachungwa, wanalia, au wanauawa ili wanaume wapate sababu, na hakuna mwongozaji kati ya hao niliyemwona akijitahidi kweli kulirekebisha. Watoto wasikae karibu; daraja la umri wa watu wazima halikuwekwa kwa mapambo.

Kwa anayeanza, ningempa kwanza ile ambayo haitajwi sana, The Show Must Go On ya Han Jae-rim, ya mwaka 2007. Song Kang-ho ni mtu wa genge wa daraja la kati anayechoka kama mtumishi yeyote: anasinzia kwenye usukani, anabembeleza walimu wa binti yake, anaota nyumba yenye bustani. Wakorea wana jina kwa baba anayebaki peke yake nchini akituma fedha ili mke na watoto wakae na kusoma ng'ambo. Wanamwita baba bata bukini. Huyu naye anaishia huko. Familia iko Kanada, nyumba kubwa imepatikana, na yeye yuko ndani yake na chupi na fulana, anakula tambi kwenye bakuli mbele ya televisheni, akitazama video waliyomtumia. Wanacheka, wanacheza. Naye anacheka, kisha analia, kisha anarusha bakuli, tambi zinasambaa sakafuni. Filamu nyingine ingekata hapo. Hii inasubiri, na baada ya kitambo jambazi anainuka na kuanza kuziokota tambi zile.

Nilikuwa naitazama usiku, na mke wangu, ambaye kwa kawaida huziita filamu hizi "za wachinjaji" na kupita bila kugeuka, alisimama mlangoni na kikombe mkononi. Aliuliza kama huyo naye ni mmoja wao. Nikasema ndiyo, ameua watu. Akatazama mpaka tambi ya mwisho ilipookotwa, akasema, "Mbona wanawe wanamwita baba kwenye video tu," akaenda kulala.