Puto la kugandisha la Arctic Front Advance kwa mpapatiko wa atiria: uzoefu wangu

Puto hili hugandisha tishu kwenye midomo ya veni za mapafu, ili umeme unaotoka humo usizifanye atiria, vyumba vya juu vya moyo, zipapatike ovyo. Wengi wanakodolea macho namba ya baridi kwenye skrini. Mimi natazama kwanza kama puto limeziba mdomo wa veni ya mapafu. Ukibaki upenyo, damu yenye joto hupita hapo na tishu ya upande ule hupona, hata naitrasi oksaidi, gesi inayogandisha, ifanye kazi namna gani. Kwa hiyo, kabla ya kufungua gesi, ingiza dawa ya rangi inayoonekana kwenye eksirei kidogo: ikituama ndani ya veni, endelea. Ikivuja upande wa chini, hasa kwenye veni ya chini kulia, anza kugandisha puto likiwa limeegemea juu, kisha baada ya kama dakika moja shusha mrija unaopitisha puto na puto lenyewe kwa pamoja, polepole, hadi upenyo ufunge.

Kuna la milimita 23 na la 28. Nachagua 28 karibu kila mara, kwani dogo huzama ndani ya veni na kusogelea neva ya freniki, inayoendesha kiwambo cha kupumulia. Katheta ya Achieve, waya mwembamba wa kupima umeme ulio mbele ya puto, huonyesha umeme wa veni ukizimika. Ukizimika kabla ya sekunde 60, sekunde 180 za kugandisha zinatosha. Ukichelewa, usipoteze gesi. Panga puto upya. Joto likishuka chini ya nyuzi 60 hasi, simamisha, maana mara nyingi puto limezama mno.

Upande wa kulia ndio udhaifu wake mkubwa. Neva ya freniki ichochewe kwa umeme muda wote kutoka kwenye veni kava ya juu, veni kubwa inayoingia moyoni kutoka juu, na mkono wa mtu ukae chini ya mbavu za kulia kuhisi kiwambo kikiruka. Mruko ukilegea tu, funga gesi na ulitoe puto upepo papo hapo, usingoje uhakika. Katika utafiti wa FIRE AND ICE wa 2016, wenye wagonjwa 762, puto halikuzidiwa na uchomaji wa tishu kwa mawimbi ya redio, lakini asilimia 2.7 ya waliogandishwa waliruhusiwa kwenda nyumbani neva hiyo ikiwa bado imeathirika.

Gesi ikisimama kwa kawaida, usivute kitu: tishu bado imeng'ang'ania puto. Mashine hulitoa upepo yenyewe joto likifika nyuzi 20.

Mrija wake ni mnene, na hewa hupenya kirahisi. Lisuuze puto ndani ya maji ya chumvi, liingize taratibu, na ACT, kipimo cha muda wa damu kuganda, isishuke chini ya sekunde 300. Kwenye ECG, mchoro wa umeme wa moyo, sehemu ya ST ikipanda ghafla katika mistari ya II, III na aVF, shuku kwanza hewa kwenye ateri ya kulia ya moyo.

Kwa mpapatiko wa vipindi, unaokuja na kuondoka, nalipatia puto alama za juu. Kwa uliokwisha kuwa sugu, alama zinapungua, kwa sababu puto limeumbwa kwa midomo ya veni tu. Na mgonjwa aambiwe wazi: moyo kwenda mbio ndani ya miezi 3 ya kwanza si lazima kuwe kushindwa, na dawa ya kuzuia damu kuganda haiachwi kwa kujisikia vizuri.