Uzoefu wangu na Blogger: kuendesha blogu kwa simu ukiwa Kigoma

Naitumia Blogger, huduma ya blogu ya Google, kwa sababu haina ada ya mwaka. Blogu ya kulipia, ukichelewa kulipa ada, huzimwa na makala zako zote zikazimika nayo. Blogger ipo tangu 1999, Google waliinunua 2003, na anwani ya blogspot.com unapewa bure. Kwa mtu anayeandika habari za Ujiji, Kibirizi na Gombe kwa bando la simu, naipendekeza. Ila kuna kazi ambazo inakuachia mwenyewe, na blogu nyingi hufia hapo.

Ya kwanza ni picha. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yenye MB 3 hadi 5. Makala yenye picha 8 za uanikaji wa dagaa itakula zaidi ya MB 24 kuipandisha, na mtandao ukianza kusuasua, picha ya tano au ya sita inagoma katikati. Punguza upana uwe pikseli 1200 na ubora wa JPEG uwe 75 au 80. Kila picha itashuka hadi KB 200 hivi, na zote 8 hazitafika MB 2. Njia ya mkato ni kujitumia picha WhatsApp kwa ubora wa kawaida, si HD wala si kama faili, kisha upandishe hiyo iliyopungua. Njia hii pia huondoa alama za mahali ambazo simu huzificha ndani ya picha, na hilo ni muhimu sana ukiwa umepiga nyumbani kwa mtu. Kumbuka pia kwamba msomaji wako wa Kasulu au Kibondo naye anafungua kwa bando lake.

Usiandikie moja kwa moja ndani ya Blogger. Kwenye simu ni nzito, na rasimu haihifadhiki mtandao ukikatika. Andika kwenye programu ya noti, kisha nakili. Ukinakili kutoka Word au Google Docs, maandishi huja na mapambo yake: herufi kubwa huku, ndogo kule, na weupe nyuma ya maneno. Yapitishe kwanza kwenye noti isiyo na mapambo, ndipo uweke vichwa upya.

Kabla ya kuchapisha, rekebisha anwani ya makala. Blogger huitunga kutokana na kichwa, na ikishatoka huwezi kuibadilisha mpaka uirudishe makala kuwa rasimu. Andika fupi, kama bei-ya-dagaa-kibirizi. Kagua na saa za eneo kwenye setingi, zisomeke GMT+3. Zikibaki za Marekani ya magharibi, makala uliyoipangia saa 12 asubuhi itatoka saa 10 au 11 jioni.

Kuhusu cha kuandika, ushauri wangu ni mmoja: usifungue blogu kabla hujawa na rasimu 6 kamili, halafu toa moja kila wiki 2. Anayeanza kwa kutoa kila siku huishiwa ndani ya mwezi. Changanya makala za kudumu, kama historia ya meli ya MV Liemba au namna ya kufika Gombe kwa boti, na zile zinazochakaa haraka. Hizi za pili ndizo ngumu. Chukua bei ya dagaa: huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti, kwa hiyo mzigo hupungua na bei hupanda. Ukiandika bei bila tarehe na bila kusema ni wakati wa giza au wa mbalamwezi, mchuuzi anayekusoma Tabora atapata hasara kwa neno lako. Mimi nashikilia kwamba kila bei na kila nauli iwe na tarehe ya kuhakikiwa, juu kabisa, si chini.

Usalama wa akaunti wengi hawaushughulikii mpaka laini ya simu ipotee. Chukua zile namba 10 za akiba za Google, za kuingilia akaunti simu isipokuwepo, ziandike kwenye karatasi na uiweke mbali na simu. Mpe mtu mmoja unayemwamini haki za usimamizi wa blogu. Kila baada ya miezi 3 pakua nakala ya makala na maoni. Picha zako za asili zitunze kwenye kadi ya kumbukumbu.

Fedha? AdSense, huduma ya matangazo ya Google, hulipa salio likifika dola 100, na likigusa dola 10 hutuma kwanza namba ya uhakiki kwa barua ya posta. Kama huna sanduku la posta, omba kutumia la mtu wa karibu na uandike anwani hiyo sawasawa tangu mwanzo.

Na leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliweka ada ya maombi shilingi 100,000 na ya leseni shilingi 1,000,000, zikabadilishwa 2020 na tena 2022. Makala nyingi za zamani bado zinataja ada za mwanzo. Kama blogu yako itatoa habari na matukio, soma kanuni za sasa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kabla ya kuchapisha makala ya kwanza.